UZI: Ukoo wa Tichborne – sadaka ya unga, mtoto aliyepotea baharini na muuza nyama aliyedai yeye ndiye Sir Roger

Mpekuzi:
Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka kiporo wiki nyingi kwa sababu ni mrefu na sikutaka kuuleta nusunusu. Leo nimetulia, nauleta wote. Wenye haraka mtanisamehe.

Kule Hampshire, kusini mwa Uingereza, karibu na mji wa Winchester, kuna kijiji kinaitwa Tichborne. Ukoo wenye jina hilohilo umeishi pale tangu karne ya 12. Vita vimepita, dini imebadilishwa, wafalme wamekatwa vichwa, wao wapo palepale pembeni ya mto Itchen.

Mwaka 1621 mkubwa wa ukoo, Benjamin Tichborne, akapewa ubaroneti. Kwa wasiojua: cheo hicho alikianzisha Mfalme James wa Kwanza mwaka 1611 alipokuwa na shida ya hela. Aliyekitaka alipaswa awe na ardhi ya kumwingizia pauni 1,000 kwa mwaka, kisha alipe pauni 1,095, yaani gharama ya askari 30 kwa miaka 3 kule Ulster, Ireland. Baroneti si lodi, haingii Bunge la Malodi, ila anaitwa Sir na mkewe anaitwa Lady. Tena cheo kinarithiwa, baba kwa mwana. Mabinti hawamo. Hilo la mabinti kutokuwamo mlishike.

Benjamin alikuwa na historia na mfalme huyo. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipofariki mwaka 1603, yeye ndiye aliyekuwa sherifu wa Hampshire. Hakungoja barua kutoka London. Alikwenda moja kwa moja Winchester akatangaza hadharani kwamba James ndiye mfalme. James hakusahau, akamzawadia ngome ya Winchester.

Ujasiri ule ulikuwa na uzito, maana Tichborne ni Wakatoliki, na enzi zile Ukatoliki uliweza kukupeleka kitanzini. Miaka 17 kabla yake, Septemba 1586, kijana wa ukoo huu aitwaye Chidiock aliuawa hadharani London kwa kushiriki njama ya kumuua Elizabeth. Gerezani alimwandikia mkewe Agnes barua yenye shairi kuhusu ujana wake unaokatika kabla haujaanza, na shairi hilo linasomwa hadi leo. Upande mwingine kabisa yupo Robert Tichborne, wa tawi la mbali, ambaye mwaka 1649 alitia sahihi hati ya kumuua Mfalme Charles wa Kwanza, kisha akaja kuwa Meya wa London. Huku wa Hampshire wanasimama na mfalme, kule mwenzao anatia sahihi mfalme akatwe kichwa. Koo kubwa ndivyo zilivyo.

Naendelea kuandika, msiende mbali.

Kambale:
Nimeshaweka mkeka hapa mkuu. Hiyo sadaka ya unga vipi?

Mpekuzi:
Ndiyo nafika hapo.

Inasimuliwa kwamba katika karne ya 12 palikuwa na Lady Mabella, mke wa Sir Roger Tichborne wa wakati huo. Maradhi yalikuwa yamemkausha, hawezi kusimama. Alipoona siku zake zimekaribia, alimwomba mumewe jambo moja: kila mwaka, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, tarehe 25 Machi, maskini wa pale wapewe mkate. Mume hakupenda. Akachukua kijinga cha moto jikoni akamwambia, ardhi utakayoweza kuizunguka kabla kijinga hiki hakijazimika, mavuno yake yote nitayatoa sadaka.

Alijua mkewe hawezi kutembea.

Mabella akaagiza abebwe mpaka shambani. Akawekwa chini, akaanza kutambaa kwa mikono na magoti. Kijinga kinapozimika ameshazunguka ekari 23. Shamba hilo lipo, na mpaka leo jina lake kwa Kiingereza maana yake ni Matambao. Mimi kila nikifika hapa nasimama. Namwona yule mama usoni udongo, na mumewe kasimama na moto mkononi, anaona kijinga kinaisha lakini mke haishi.

Alirudishwa kitandani, akawaita watu wa nyumba akaacha usia. Atakayeikata sadaka hii, kizazi kimoja kitazaa wana saba wa kiume, kinachofuata kitazaa mabinti saba, jina litapotea na nyumba itaanguka.

Sadaka ikaendelea zaidi ya miaka 600. Ipo picha kubwa ya rangi aliyoichora Gillis van Tilborgh mwaka 1671: Sir Henry wa wakati huo na familia yake wamesimama mbele ya jumba la zamani, vikapu vya mikate vimejaa, watumishi upande mmoja, maskini upande wa pili. Kwenye karne ya 18 siku ya sadaka ilianza kuvuta wazururaji na vibaka kutoka kila upande, majirani wakalalamika, na mwaka 1796 mahakimu wakaamuru ikome.

Baroneti wa wakati huo alikuwa Sir Henry, wa saba kwenye orodha. Watoto wake wa kiume walikuwa saba. Mwaka 1803 sehemu ya jumba ikaanguka. Mwanawe mkubwa, Sir Henry Joseph, baroneti wa nane, akazaa mabinti saba. Hakuna wa kiume.

Kambale:
Subhanallah. Halafu mtu anakwambia laana hakuna.

Wakili Mtarajiwa:
Mkuu Mpekuzi, hii ya saba kwa saba umeihakiki au ni simulizi ya kijiweni?

Mpekuzi:
Idadi ni ya kweli, wana saba na mabinti saba. Ila nilipopanga miaka nikakuta kitu. Henry Joseph alizaliwa 1779, mdogo wake Edward 1782, James 1784. Sadaka ilikatwa 1796. Kwa hiyo wana walianza kuzaliwa miaka 17 kabla ya kosa lenyewe. Kambale ndugu yangu, nakuachia hilo. Mabinti na nyumba kuanguka vilikuja baada, ni kweli, na familia yenyewe ilitishika. Katika miaka ya 1830 sadaka ikarudishwa, safari hii kwa unga badala ya mikate.

Sasa twende kwenye urithi. Henry Joseph hana mwana, kwa hiyo alipofariki 1845 cheo kikaenda kwa Edward. Edward alikuwa ameshabadili jina na kuitwa Doughty, kwa sababu mwaka 1826 ndugu mmoja wa ukoo alimwachia mali nyingi kwa sharti achukue jina hilo. Mwanawe wa pekee alikufa mdogo, akabaki binti, Katherine. Edward naye akafariki 1853. Cheo kikashuka kwa mdogo wake James, baroneti wa kumi.

James alikuwa amemuoa Henriette Félicité, mwanamke aliyekulia Ufaransa na aliyeichukia Uingereza kwa moyo wote. Mtoto wao Roger alizaliwa Paris Januari 1829. Mama akamng'ang'ania kulekule. Mpaka anafika miaka 16, Roger ni Mfaransa kwa kila kitu. Baba yake alimtoa kwa hila: walikuja Uingereza kumzika Henry Joseph, mazishi yakaisha, mtoto hakurudishwa. Akapelekwa Stonyhurst, shule ya Wajesuiti, kisha mwaka 1849 akaingia jeshini, kikosi cha wapanda farasi. Mwembamba, lafudhi ya Kifaransa, maofisa wenzake wakimtania mchana kutwa.

Likizo alikuwa anaenda Tichborne kwa baba yake mkubwa Edward. Huko akampenda Katherine.

Mwana wa Mkoani:
Ama hapa umenigusa. Kwetu Pemba mtoto wa ami ndiye anayetazamwa mwanzo. Walimkatalia kwa sababu gani?

Mpekuzi:
Kwa Wakatoliki ndoa ya binamu wa kwanza ilihitaji ruhusa maalumu ya Kanisa, na wazazi wa binti hawakufurahishwa na mwenendo wa Roger, pombe na sigara. Mwaka 1852 aliambiwa angoje miaka 3, ajirekebishe. Akaacha jeshi, na Machi 1853 akapanda meli kwenda Amerika Kusini.

Alifika Valparaíso, Chile, akavuka milima ya Andes, akazunguka bara lile kwa miezi. Aprili 1854 alikuwa Rio de Janeiro akitafuta meli ya kumpeleka Jamaica. Akapata iitwayo Bella. Tarehe 24 Aprili mashua yake moja ilionekana imepinduka nje ya pwani ya Brazil. Basi. Hakuna mtu, hakuna maiti, hakuna barua. Mwaka uliofuata sheria ikamhesabu Roger ni marehemu.

Mama yake hakukubali. Alikwenda kwa mpiga ramli, akaambiwa mwanao yu hai. Inasemwa alikuwa akiwasha taa ukumbini usiku kucha ili Roger akirudi aione njia. Mabaharia waliokuwa wakipita kuomba msaada walijua habari atakayolipia: eti meli nyingine iliokoa watu wa Bella ikawapeleka Australia.

Nimesoma watu wengi wakimwita mama huyu mwehu. Mimi siwezi. Hana kaburi la mwanawe. Mtoto aliyemlea kwa mikono yake alinyang'anywa kwa hila ya mazishi, akaenda baharini, wanaume wakakaa mezani wakaandika amekufa.

Mama Wawili:
Mpekuzi mwanangu, umenirudisha mbali. Mimi ni wa Musoma. Mjomba wangu alitoka na mtumbwi usiku ziwani kabla sijazaliwa, mtumbwi ukarudi na upepo bila mtu. Bibi mpaka anafariki sahani ya mjomba ilikuwa inaoshwa pamoja na zetu na kufunikwa. Tukila samaki alikuwa anasema kichwa mwekeeni mwenyewe. Hakuwa mwehu, hesabu za duka alizijua kuliko wote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mpekuzi:
Shikamoo mama. Asante kwa hilo. Kichwa cha samaki sitakisahau.

James akafariki 1862. Alfred, mdogo wake Roger, akawa baroneti wa kumi na moja. Kijana wa matumizi ya ovyo, jumba likapangishwa kwa wageni. Mwaka uliofuata mama akaanza kutangaza magazetini: atakayeleta habari za Roger atapewa zawadi nono. Mwaka 1865 tangazo likafika magazeti ya Australia kupitia ofisi moja ya Sydney iliyotafuta watu waliopotea. Na Februari 1866 Alfred naye akafa, mkewe ana mimba. Miezi mitatu baadaye akazaliwa Henry, yupo mikononi mwa mkunga na tayari ni baroneti wa kumi na mbili.

Hapo ndipo anapotokea muuza nyama. Anaishi Wagga Wagga, mji mdogo wa bara huko Australia, anaitwa Thomas Castro na amefilisika. Wakili anayeshughulikia mufilisi wake anasikia fununu kwamba ana mali Uingereza, anakiona kiko chake kimechongwa herufi R.C.T., anamuuliza kama si yeye yule anayetafutwa. Castro anakubali. Kwenye wosia aliouandika kulekule, mama yake anamwita Lady Hannah Frances. Jina la mama yake Roger mnalo hapo juu.

Mama mwenyewe alimpokea. Januari 1867 walikutana Paris, hotelini. Mtu yule alisema anaumwa. Chumba giza, yeye kitandani kavaa nguo zote, uso kauelekeza ukutani. Mama akainama, akamtazama, akasema masikio ni ya amu yake. Roger alizungumza Kifaransa miaka 16 ya kwanza ya maisha yake, huyu hajui hata neno. Roger alikuwa kama ufito, huyu amenenepa, na miaka ilivyokwenda alizidi kilo 150. Mama akaandika kwamba Roger wake maskini anachanganya mambo kichwani kama mtu aliye ndotoni, ila anaamini ni mwanawe. Akampangia pauni 1,000 kwa mwaka.

Wakili Mtarajiwa:
Na ndugu wengine? Maana mama akishamtambua mahakamani, huo ni ushahidi mzito sana.

Mpekuzi:
Ndugu karibu wote walimkataa. Lakini mama akafariki Machi 1868, kabla kesi haijafika mahakamani. Ushahidi wake ukazikwa naye.

Kesi ya madai ilianza Mei 1871. Shamba lilikuwa na mapato ya zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka, na wa kunyang'anywa ni mtoto wa miaka 5. Ikaenda siku 102. Mashahidi zaidi ya mia wakamtambua: askari wa kikosi chake, watumishi, wapangaji. Familia ikaleta Lodi Bellew, aliyesoma na Roger Stonyhurst. Akaeleza kwamba Roger alikuwa na tatuu mkononi, nanga, moyo na msalaba. Mdai hakuwa nayo. Juri, yaani raia wanaoamua kesi, wakasema wamesikia ya kutosha na hawamwamini, Machi 1872 kesi ikaanguka. Kutoka pale akakamatwa kwa kiapo cha uongo.

Wapelelezi walikuwa wameshapata jibu. Jioni ile aliyofika London, Krismasi ya 1866, kabla hajamtafuta mama wala jamaa yeyote wa Tichborne, alikwenda Wapping, mtaa wa bandarini, kuuliza habari za familia ya Orton. Arthur Orton alikuwa mtoto wa muuza nyama wa mtaa huo, akaingia ubaharia, akafika Chile, akaishi Melipilla, na huko palikuwa na mtu aitwaye Castro. Njia ya mwongo fupi.

Ila kuna jambo moja limeniuma kuliko lile la ulaghai. Roger kabla ya kuondoka aliacha bahasha iliyofungwa kwa msimamizi wa mali, ndani mna nadhiri kuhusu ndoa yake na Katherine. Mtu huyu alipoulizwa mahakamani kilichokuwamo, akasema ni maagizo kwa sababu alishamtia binti yule mimba. Katherine alikuwa ameshaolewa, anaitwa Lady Radcliffe, ana watoto. Taifa zima likasoma hayo asubuhi kwenye chai. Na yeye akaja, akasimama kizimbani mbele ya watu wale wote, akaonyesha nakala ya karatasi aliyopewa na Roger kwa mkono wake: ilikuwa ahadi kwamba wakioana, atamjengea Bikira Maria kanisa.

Kijana wa Ilala:
Mkuu, kuna sehemu nilisoma kwamba shahidi wake mkubwa alikuwa mtu mweusi. Ni kweli?

Mpekuzi:
Ni kweli, na nakushukuru, nilikuwa nataka nimpe nafasi yake. Anaitwa Andrew Bogle. Alizaliwa utumwani Jamaica, kwenye shamba la miwa la Hope. Edward Tichborne ndiye aliyekuwa akisimamia mali kule, akamchukua mtumishi wake wa ndani, akaja naye Uingereza mwaka 1826. Bogle alimhudumia hadi Edward alipokufa, akapewa kiinua mgongo cha pauni 50 kila mwaka, akahamia Australia. Roger akiwa kijana walijuana vizuri, walikaa nyumba moja kila likizo.

Mdai alipofika Sydney, mzee Bogle, mvi tupu, alimwangalia akasema huyu ni Roger. Akasafiri naye hadi London. Familia ikaikata ile pauni 50. Akasimama kizimbani kesi zote mbili, mawakili wakubwa wakamgeuza huku na huku, hakubadili neno.

Kijana wa Ilala:
Alihongwa?

Mpekuzi:
Hesabu mwenyewe. Alikuwa na pensheni ya uhakika akaipoteza, akaishia kwenye umaskini. Mimi naona aliamini. Alikuwa mzee mbali na watu aliowazoea nusu ya umri wake, akatokea mtu anasema mimi ni yule kijana wa nyumbani kwenu. Mafundi wa uongo huwa hawasemi sana, wanakuacha wewe uongee, halafu kesho wanakurudishia maneno yako.

Wakili Mtarajiwa:
Malizia kesi ya pili basi.

Mpekuzi:
Ilianza Aprili 1873, ikachukua siku 188. Wakili wake Edward Kenealy alitukana mashahidi na majaji mpaka baadaye akafutwa uwakili. Mtaani hali ilikuwa nyingine. Makuli, wachuuzi, wafanyakazi wa viwandani walimpenda mdai. Waliona matajiri wamemkataa ndugu yao kwa sababu ananuka bucha. Alipokuwa akisubiri kesi walichanga senti zao, na kabla ya hapo watu walinunua hati fungani ambazo zingelipwa siku akipata shamba. Hukumu ilitoka Februari 1874: yeye ni Arthur Orton, kifungo miaka 14. Kenealy akachaguliwa mbunge mwaka 1875, akapeleka hoja kesi ichunguzwe upya. Kura 433 kwa 1.

Alitoka gerezani 1884. Mwaka 1895 alikiri gazetini kwa malipo kwamba ni Orton, kisha akafuta maneno yake. Akafa fukara tarehe 1 Aprili 1898, wakamsindikiza watu kama 5,000. Kaburi la maskini, halina jiwe, lakini familia ya Tichborne iliruhusu bamba la jeneza liandikwe Sir Roger Charles Doughty Tichborne. Kwa nini waliruhusu, baada ya yote yale, nimejiuliza mara nyingi.

Kambale:
Na ubaroneti uliishia wapi?

Mpekuzi:
Yule Henry aliyezaliwa baba yake kaburini akakua, akatunza mali, akafariki 1910. Mwanawe Joseph akafariki 1930. Akafuata Sir Anthony, baroneti wa kumi na nne. Mwanawe wa pekee alikufa mchanga, waliobaki ni mabinti. Alipofariki 1968 cheo kikafutika. Wa kukirithi kwa sheria ya 1611 hakuwapo, ingawa watoto wake walikuwapo.

Mama Wawili:
Sasa na ule unga nani anagawa, kama wenyewe wameisha?

Mpekuzi:
Hawajaisha mama, cheo ndicho kilichoisha. Jumba na shamba vilibaki kwa uzao wa binti wa Sir Anthony, na sadaka inaendelea. Baada ya Vita vya Pili, unga ukiwa kwa kuponi, ilitaka kukwama, na watu waliosoma habari hiyo magazetini wakatuma kuponi zao kwa posta kutoka pembe zote za nchi.

Kila tarehe 25 Machi kasha kubwa la mbao linawekwa mbele ya ngazi za jumba. Padri anamwombea Lady Mabella, ananyunyiza maji ya baraka juu ya unga. Majina ya kaya yanaitwa moja moja, watu wa Tichborne na kijiji jirani cha Cheriton wanasogea na mifuko, wengine na foronya za mito. Mtu mzima galoni moja, kama lita 4 na nusu. Mtoto nusu yake, wa kike na wa kiume sawasawa.